Nyoka Aliyelishwa Kupita Kiasi: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Nyoka aliyefungiwa ni rahisi kumuua kwa shibe kuliko kwa njaa. Chatu mzima mwenye afya hukaa miezi kadhaa bila mlo na asipate madhara ya maana. Chatu huyo huyo akipewa sungura kila Jumamosi, kwa sababu basi la wanafunzi limefika na kila mtoto anataka kuona anavyomeza, ini lake huanza kujaa mafuta muda mrefu kabla mtu hajaona kasoro yoyote. Na akianza kuumwa, watu hutafuta minyoo, hutafuta baridi, hutafuta sumu. Ratiba ya chakula haiguswi, kwa kuwa kila mmoja ameona kwa macho yake jinsi anavyokula vizuri.

Chatu, moma na kifutu ni wawindaji wa kuvizia. Porini hulala mahali pamoja siku nyingi bila uhakika wa mlo unaofuata, kwa hiyo hukamata karibu kila kinachopita ambacho wanaweza kukimeza. Pupa yao si kipimo cha njaa. Ukimlisha nyoka kwa kufuata pupa yake, atakula mpaka imdhuru.

Mwongozo huu ni wa watunzaji walio kwenye vituo vyenye kibali. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, kwa yeyote anayefuga mnyama wa porini. Kama una chatu nyumbani bila karatasi hizo, hatua yako ya kwanza ni kuwapigia UWA, kisha mambo ya chakula yatafuata.

Anza na mizani, kipimajoto na daftari

Karibu kila dalili nitakayoieleza ina chanzo zaidi ya kimoja, na macho peke yake hayawezi kuvitenganisha. Kwa hiyo kabla ya kumwita daktari, au wakati unamsubiri, kusanya mambo matatu.

La kwanza ni uzito. Nyoka mdogo, kama yule aitwaye nyoka wa nyumba, anatosha kwenye mizani ya jikoni akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Chatu mtie kwenye gunia safi umtundike kwenye mizani ya kuning'iniza. Moma na kifutu hawashikwi kwa mkono kwa sababu yoyote: pima boksi la plastiki lenye mfuniko likiwa tupu, mwingize kwa fimbo ya ndoana, funga, pima tena, kisha toa uzito wa boksi. Kazi hiyo ni ya watu wawili wenye uzoefu, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Pima mara moja kwa mwezi, kabla ya mlo, kamwe si siku inayofuata mlo.

La pili ni joto, na lisomwe alfajiri. Kampala na Entebbe ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mapambazuko joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18 za Selsiasi. Kabale ni baridi zaidi. Banda linalotoa jasho saa nane mchana linaweza kuwa baridi mno saa kumi usiku, hasa umeme ukikatika na jenereta ikibaki kwa ajili ya friji. Chatu anahitaji upande wa nyuzi 31 hadi 33 na upande mwingine wa 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kifutu mkubwa wa msituni (Bitis gabonica) na mwenzake mwenye pembe puani (Bitis nasicornis) wanapenda chini ya hapo, kati ya 24 na 28 hivi.

La tatu ni daftari: tarehe ya kila mlo, aina ya windo, uzito wa windo, tarehe ya kinyesi, tarehe ya kujivua gamba. Ukiwa nalo, fanya hesabu moja ambayo wengi hawajawahi kuifanya. Chukua chatu wa kilo 12 anayepewa sungura wa kilo mbili na nusu kila wiki. Kwa mwaka mzima amemeza kilo 130 za nyama, zaidi ya mara kumi ya uzito wake mwenyewe, huku akiwa amelala kwenye kizimba cha mita tatu. Chatu huyo huyo akipewa windo la kilo moja kila baada ya wiki nne, atakula kilo 13 kwa mwaka, na hizo zinamtosha.

Kwa kuanzia, chatu mzima apate windo la asilimia 5 hadi 8 ya uzito wake kila wiki tatu au nne. Moma na kifutu wazima wanaweza kusubiri wiki nne hadi sita. Mtoto wa nyoka ni tofauti: anakua, na windo la karibu asilimia 10 kila siku saba hadi kumi linamfaa, kisha unaongeza nafasi kati ya milo kadiri anavyokua. Swila wa msituni hutembea akitafuta chakula, kwa hiyo milo midogo ya mara kwa mara humfaa kuliko mlo mmoja mkubwa. Namba hizi zichukue kama mahali pa kuanzia tu. Mizani ya mwezi ujao ndiyo itakayokwambia upandishe au ushushe.

Dalili: anatapika mlo

Hii ndiyo inayoonekana zaidi na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Nyoka anameza vizuri, siku mbili au nne baadaye unakuta panya ametapikwa, nusu ameyeyuka, ananuka banda zima. Kosa linalofuata ni la huruma: mtunzaji anaona tumbo limebaki tupu, anampa panya mwingine siku hiyo hiyo. Nyoka anampokea, anamtapika tena, na sasa una mgonjwa kweli.

Elewa kinachotokea ndani. Nyoka hawa huzima sehemu kubwa ya mitambo ya usagaji chakula kati ya mlo na mlo. Windo likiingia, tumbo linabadilika kutoka hali isiyo na asidi hadi asidi kali ndani ya siku moja hivi, utumbo unanenepa, na moyo nao unakua. Kwa chatu wa Burma, watafiti waliripoti mwaka 2005 kwamba misuli ya moyo iliongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo. Ni kazi kubwa inayohitaji joto, maji, utulivu na muda. Kikikosekana kimoja, bakteria ndani ya windo humshinda nyoka mbio: windo linaoza na kutoa gesi kabla asidi haijalimaliza, na mwili hauna njia nyingine ila kulitoa. Na linapotoka huunguza koo, na kuondoka na maji na asidi ambayo mwili ulihangaika kuitengeneza.

Sasa tafuta chanzo. Kama banda lilishuka chini ya nyuzi 24 usiku uliofuata mlo, anza hapo, lakini usiishie hapo. Windo dogo lingeweza kusagwa hata usiku wa baridi. Lile kubwa lisingeweza. Baridi na mlo mkubwa hushirikiana, na katika nyanda zetu za juu hushirikiana mara nyingi. Kama joto lilikuwa sawa, angalia tarehe: je, mlo wa kabla ya huo ulipita siku chache tu? Kinyesi chake kilikwisha kutoka? Mlo mpya juu ya mlo ambao haujakwisha ni chanzo cha kawaida kabisa. Halafu angalia kama alishikwa. Wageni kupiga picha na chatu shingoni siku moja baada ya kula ni njia ya uhakika ya kumtapisha. Mpe angalau siku tatu, na zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa.

Kama joto, ukubwa wa windo, muda na utulivu vyote vilikuwa sawa, na bado anatapika kwa mara ya pili au ya tatu, hapo toka kwenye chakula. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kinachonenepesha ukuta wa tumbo la nyoka: utaona uvimbe katikati ya mwili, kutapika kusikokoma, na kukonda. Huyo mtenge mara moja, na vifaa vyake visiguse kizimba kingine, kwa sababu dawa nyingi za kawaida za kusafishia hazikiui. Kinyesi na matapishi yapelekwe kwa daktari.

Kwa yule aliyetapika kwa sababu ya mlo, tiba ni kusubiri. Maji safi, joto sahihi, kimya, siku 10 hadi 14 bila chakula chochote. Kisha windo dogo, nusu ya lile la kawaida au chini ya hapo. Likishuka vizuri na kinyesi kikatoka, rudia dogo tena mara mbili au tatu kabla ya kurudi kwenye kipimo cha kawaida. Msimamizi akikusukuma umlishe mapema, mwonyeshe daftari.

Dalili: mwili umetanuka

Tazama kutoka juu, kisha mtazame akijikunja. Nyoka mwenye uzito mzuri ana mwili wa mviringo unaopungua taratibu kuelekea mkiani, na ukipitisha kidole mgongoni mwa chatu unausikia uti bila kuuona. Aliyenenepa hutengeneza mikunjo kwenye kona anapojipinda. Ngozi kati ya magamba inaonekana hata kama hajala karibuni. Theluthi mbili za nyuma za mwili zimejaa, kwa sababu huko ndiko mafuta ya ndani yanakowekwa, na mkia unaanza ghafla kana kwamba umebandikwa. Kichwa kinaonekana kidogo kuliko mwili.

Kifutu na moma wanapotosha jicho. Hao ni wanene kwa maumbile, na kifutu mkubwa anaweza kupita kilo nane akiwa mzima wa afya. Kwao tegemea mizani na picha: piga picha kutoka juu kila mwezi mahali pale pale, uzilinganishe.

Kabla ya kusema ni mafuta, ondoa mambo mengine. Jike mwenye mayai au watoto hujaa sehemu ya nyuma, lakini hujaa kwa wiki chache, naye mara nyingi hukataa chakula na hushinda kwenye joto. Mafuta huja kwa miezi, na hayapunguzi hamu ya kula mwanzoni. Aliyefunga choo ana uvimbe karibu na tundu la haja tu. Uvimbe wa mahali pamoja, mgumu, usiohama, unaweza kuwa jipu au saratani. Mwili uliojaa maji huwa laini na kubonyea, na huyo ni wa daktari leo, si kesho.

Kama ni mafuta, usimfungishe ghafla. Nyoka mnene aliyekatiwa chakula ghafla kwa muda mrefu huyamimina mafuta yaliyohifadhiwa kuelekea kwenye ini, ambalo tayari limelemewa. Punguza ukubwa wa windo kwanza, kisha ongeza siku kati ya milo. Chagua mawindo yasiyo na mafuta: panya mzima ambaye bado kijana, badala ya panya mzee wa maabara aliyenona au sungura aliyenenepeshwa kwa ajili ya sufuria. Mpe nafasi ya kutambaa: matawi imara, kizimba kirefu, maji ya kuogelea kwa chatu. Usitarajie mabadiliko kwa wiki. Kazi hii ni ya miezi, mara nyingi mwaka na zaidi, na mstari wa mizani ushuke polepole bila kuporomoka.

Angalia pia aina ya chakula. Porini swila wa msituni hula vyura, samaki, ndege na panya. Ndani ya kizimba hupewa panya tu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ndio wanaopatikana. Chakula hicho kina mafuta mengi kuliko alichozoea, na ananenepa hata kwa ratiba inayoonekana ya wastani.

Na wageni je? Najua tiketi ndizo zinazonunua hao panya. Lakini kituo chenye chatu wanne kinaweza kuonyesha mlo kila Jumamosi, kila chatu akila mara moja tu kwa wiki nne. Andika majina yao ubaoni kwa zamu. Wanafunzi wataona anavyomeza, na hakuna nyoka atakayelipia.

Dalili: anakataa kula

Watu hukimbilia kumlazimisha. Usifanye hivyo. Nyoka mnene anapokataa, mara nyingi mwili wake unajirekebisha. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius), ambaye anapatikana hadi West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anajulikana kwa kufunga miezi mizima, hasa dume katika majira ya kupandana. Mpime. Kama uzito haujashuka zaidi ya asilimia 10, mdomo ni msafi, na yuko macho anapoguswa, mwache na umjaribu tena baada ya wiki tatu. Anayekataa huku akikonda upesi, au huku akitoa ute mdomoni, ni suala jingine.

Ini lililojaa mafuta nalo hukatisha hamu ya kula, na hapo ndipo panapohitaji akili. Historia ndiyo inayotofautisha: nyoka aliyekuwa mnene kwa miaka, sasa hali, amelegea, hajivui gamba vizuri. Daktari atahitaji damu. Peleka na daftari lako.

Dalili: vidonda mgongoni au usoni

Usitafute wadudu kwanza. Uliza kama panya hai aliachwa naye usiku. Nyoka aliyeshiba hamuui panya, na panya mwenye njaa hutafuna kilicho karibu, hata kama ni mgongo wa chatu. Windo hai lisiachwe bila mtu anayeangalia, na lisipochukuliwa baada ya robo saa litolewe. Windo lililokwisha kuuawa ni salama zaidi. Panya aliyekamatwa mtaani usimtumie kabisa, kwa sababu sumu ya panya aliyoila itaingia ndani ya nyoka wako.

Dalili: haendi haja, au nyama imetoka tunduni

Kwa chatu, mlo mmoja hadi miwili bila kinyesi ni jambo la kawaida. Mitatu au minne ni ishara ya kusimamisha chakula. Kwa kifutu usihamaki: hushikilia kinyesi kwa miezi, na kuna kumbukumbu za waliokaa zaidi ya mwaka. Mweke chatu kwenye maji vuguvugu yenye kina kifupi kwa nusu saa, na usimwache peke yake.

Nyama nyekundu ikitoka kwenye tundu la haja ni dharura. Iloweshe kwa maji safi ya chumvi kidogo, isikauke, ondoa mchanga na maranda kizimbani, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Mara nyingi chanzo ni kujikamua kwa nguvu dhidi ya tumbo lililojazwa milo juu ya milo. Akishapona, ratiba ile ile itamrudisha pale pale.

Kinyesi cheupe kikiwa kigumu kama chokaa, toa bakuli dogo la maji uweke kubwa. Nyama nyingi huzaa asidi ya yuriki nyingi, na bila maji ya kutosha figo haziwezi kuitoa. Huganda kwenye figo na kuzunguka moyo. Hilo ni jongo la ndani, na halionekani kwa nje mpaka limekomaa.

Dalili: anahema kwa shida

Nyoka hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hutanua mbavu ili pafu lijae hewa. Mafuta na tumbo lililojaa hulibana pafu. Kama anahema hivyo kwa siku chache baada ya mlo mkubwa kisha anatulia, punguza mlo. Kama ana mapovu au ute, anaacha mdomo wazi, anainua kichwa juu ili apate hewa, au anatoa mlio hata tumbo likiwa tupu, huo ni ugonjwa wa mapafu, na banda lenye baridi ndilo mshukiwa wa kwanza. Pandisha joto, mwite daktari.

Dalili: jike ameacha kutaga katikati

Chatu mkubwa wa Afrika hutaga mayai kadhaa kwa mkupuo mmoja, mara nyingi zaidi ya ishirini. Jike aliyenenepa ana misuli dhaifu na nafasi ndogo ndani. Akitaga machache akaacha, na bado unaona uvimbe wa mayai baada ya siku mbili, usibonyeze kwa mkono. Yai likipasuka ndani litamuua. Anahitaji daktari na picha ya eksirei.

Hapa kuna chanzo kingine: jike aliyelishwa sana tangu utotoni ili akue haraka. Huufikia urefu wa mzazi kabla ya umri wake. Usimpandishe kwa kuangalia kimo tu. Nyoka hawa wana muda mrefu mbele yao: katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mdogo wa Afrika Magharibi aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020.

Dalili: amekufa ghafla, na jana alikula

Usimzike. Mweke kwenye friji, si kwenye barafu, na uwasiliane na daktari, kwa mfano wa shule ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na UWA kwa ajili ya kibali chako. Kama ni moma au kifutu, kumbuka kwamba meno ya aliyekufa bado yana sumu.

Akipasuliwa, usishtuke ukiona mafuta. Kila nyoka mwenye afya anayo kiasi. Tazama ini. La kawaida ni la rangi ya kahawia iliyoiva. Lililojaa mafuta ni la manjano, limevimba, linateleza kwa kisu, na kipande chake huelea kwenye maji. Uliza pia kuhusu figo na mfuko wa moyo, kama kuna vumbi jeupe.

Ini likiwa la manjano, wapime wenzake wote wiki hiyo hiyo. Wamekula kwa mkono mmoja na kwa ratiba moja.